Mzizi wa Presha wa Ña Nimia

Meza ya Nimia Ovelar ilikuwa upande wa kivuli wa lango la zahanati, kwenye mtaa mmoja wa Asunción ambao mvua ikinyesha hugeuka mto. Juu ya meza kulikuwa na mafungu ya majani mabichi, chini ndoo za maji ya kuyahifadhi yasinyauke, na pembeni kinu cha mti kilichochakaa mdomo. Kila mtu wa mji ule ana muuza majani wake asiyemwacha, kama alivyo na kinyozi wake. Unafika asubuhi na jagi lako, unasema tumbo limekaa vibaya, au kichwa kizito, au umegombana na mume. Yeye haulizi mengi. Anachomoa jani hili, anakata kipande cha mzizi ule, anatwanga, anatumbukiza kwenye maji yako ya barafu, nawe unakwenda zako kunywa tereré hadi jua la utosi.

Tereré haielezeki kwa asiyeinywa. Ni majani makavu ya yerba kwenye kikombe cha pembe ya ng'ombe, mrija wa chuma, na yale maji baridi yenye majani yaliyotwangwa. Mmoja anamimina, mwingine anafyonza mpaka mrija ulie, kikombe kinarudi, anapewa wa pili yake. Kikombe kimoja, mrija mmoja, benchi zima. Mtu akikuuliza umekunywa nini leo, tereré huitaji, kama ambavyo hutaji hewa uliyovuta.

Sifa ya meza ile ilikuwa mzizi mmoja, wa mmea wa miiba wenye matunda mekundu unaoota ovyo kando ya reli ya zamani. Mzizi wa presha, ndivyo wote walivyouita. Nimia aliurithi kwa mama yake, Ña Obdulia, pamoja na kinu, meza na wateja. Wanawake watu wazima wote kwetu huitwa Ña, lakini yeye alianza kuitwa Ña Nimia siku alipoachiwa kile kinu, na siku hiyo hakuwa na furaha nayo hata kidogo.

Ilikuwa hivi. Ña Obdulia alikuwa akinywa mzizi wake kila asubuhi, na Nimia ndiye aliyekuwa akimtwangia. Desemba moja, sasa ni zaidi ya miaka ishirini, Nimia alikwenda kuhiji Caacupé, kwenye kanisa la Bikira Maria, akakaa kule kwa mama yake wa ubatizo siku zote tisa za sala kabla ya sikukuu. Mizizi aliiacha kwa dada yake mkubwa, Cirila, fundi cherehani aliyekuwa akikaa mtaa wa pili. "Umtwangie kila asubuhi, dada. Asikose." Cirila akaitikia. Kabla siku tisa hazijaisha, Ña Obdulia alianguka kando ya meza, ndoo ikamwagika, na walipomnyanyua upande wake wa kulia ulikuwa haufanyi kazi tena, wala ulimi. Aliishi miaka miwili ya kulishwa kwa kijiko. Aliyekishika kijiko hicho alikuwa Nimia.

Cirila hakuwahi kumtukana kwa jambo lile. Angemtukana ingekuwa nafuu. Ila kila mama yao alipotajwa, mezani au makaburini, alikuwa na maneno yake yaleyale: "Mimi nilimtwangia. Lakini mkono wangu si wako. Ungekuwepo, Nimia..." Hapo aliishia, akauma uzi kwa meno, akaendelea kushona. Nimia ndiye aliyeimalizia sentensi ile kichwani mwake, miaka nenda miaka rudi. Tangu hapo alikunywa mzizi wake kila siku, hakukosa hata siku ya arusi ya mwanawe, na aliuuza kwa jirani na mgeni kama mtu anayelipa deni lisilokwisha.

Nesi wa zahanati, Blásida Cañete, alikuwa mteja wake wa asubuhi. Mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mdomo haumkai kimya. Januari moja alitoka nje na kifaa kipya mkononi.

"Ña Nimia, niazime mkono. Mashine hii imetoka kwenye boksi sasa hivi, sina wa kumjaribia."

"Mkono wenyewe ndio unaonilisha. Usije ukauharibu."

Mkanda ukavimba, ukabana, ukalegea. Blásida akaacha kucheka.

"Leo umegombana na mtu?"

"Leo bado."

"Kaa kitako. Tulia. Usiongee." Akapima tena, akazisoma namba kwa sauti ya chini: mia na themanini na sita kwa mia na nane.

"Ni joto," Nimia akasema.

"Joto hili ninalo na mimi, na sina presha."

"Basi ni mkwe wangu."

"Mkwe wako si yuko Buenos Aires?"

"Yuko Buenos Aires, lakini anapiga simu."

Blásida hakucheka. Nimia akaushusha mkono wa gauni, akaanza kupanga mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Alikuwa na umri uleule aliokuwa nao mama yake alipoanguka, na moyoni aliogopa kama mtoto. Lakini aliyekuwa akiuza dawa ya presha mbele ya zahanati kwa miaka yote ile atasemaje kwamba ana presha? Alisema tu kwamba mashine za siku hizi ni takataka.

Wiki ile ile Blásida alimvuta ndani kwa mkono, akamkalisha mbele ya Daktari Riquelme, kijana mrefu mwenye miwani aliyekuwa akiendesha utafiti wa dawa za presha pale zahanatini. Daktari akamweleza taratibu. Kulikuwa na kidonge kipya kilichochanganya dawa mbili zinazojulikana, kila moja kidogo. Kilishindanishwa na dawa ya presha ya kawaida. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu hiki, nusu kile, na vidonge vilifanana kwa rangi na kwa umbo.

"Na wewe daktari, unajua utanipa kipi?"

"Sijui."

"Nesi anajua?"

"Hajui."

"Sasa nani anajua, baba?"

"Kompyuta. Iko Montevideo."

Nimia akamtazama kwa huruma. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo, ukaishia kutojua kama mimi."

"Ndiyo maana ya utafiti, Ña Nimia. Tukijua nani kapewa nini, tutaanza kuona tunachotaka kuona." Akacheka, akamsukumia karatasi ya kuridhia, akamsomea kila mstari, na kumwambia anaweza kutoka siku yoyote bila kuulizwa.

Blásida ndiye aliyeuliza maswali ya mwisho. Unavuta sigara? Hapana. Figo? Nzima. Unatumia dawa nyingine yoyote ya presha, ya hospitali au ya kienyeji? Nimia akasema hapana. Aliyasema hayo huku kikombe cha pembe kiko mkononi mwake, ndani yake mzizi aliotwanga mwenyewe dakika chache nyuma, na Blásida akaandika hapana huku akingoja zamu yake ya kukipokea. Wala hakuna aliyekuwa anadanganya. Mwapishe kila mmoja wao mbele ya Bikira wa Caacupé, angerudia vilevile.

Ikawa Nimia anameza kidonge asubuhi na kushushia tereré. Machi ilipofika presha ilikuwa mia na thelathini na kitu, na imetulia. Alitoka chumba cha vipimo kidevu juu. Habari ikaenea benchini na mtaani, na wote wakaielewa kwa namna moja: mzizi wa Ña Nimia umemponya hata Ña Nimia mwenyewe. Aliuza siku ile mpaka ndoo zikabaki na maji matupu. Kwamba alikuwa akiunywa mzizi huohuo miaka yote iliyoishia na mia na themanini na sita, hilo halikumjia mtu akilini, yeye akiwa wa kwanza. Mtu akishapata anachokitaka huwa hahoji kimetoka wapi.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi wa utafiti. Bi Graciela Bentancor alitoka Montevideo na chupa ya maji ya moto ya kunywea yerba kwapani, kama watu wa kwao wanavyotembea, maji ya moto kwenye joto lile, Mungu awasamehe. Alikagua majokofu, akahesabu vidonge, akasifu usafi. Adhuhuri akatoka kupunga upepo kwenye benchi la nje, katikati ya wagonjwa. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na Blásida, ambaye hawezi kuona mtu ana kiu akanyamaza, akammiminia kikombe.

Mgeni akafyonza. Akakunja uso.

"Chungu kidogo. Kuna nini humu?"

"Mzizi, señora," akajibu mzee mmoja.

"Mzizi wa nini?"

"Wa presha!" likajibu benchi zima, kwa fahari, na vidole vikamwelekea Nimia pale mezani, ambaye alijifuta mikono na kuinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepigiwa makofi.

Bi Bentancor akautoa mrija mdomoni. "Hapa nani yuko kwenye utafiti?"

Mikono yote ikapanda.

"Na nani anakunywa hii?"

Mikono ikabaki palepale juu. Wakati huohuo Daktari Riquelme akatokea mlangoni na jagi lake, anakuja kwa Ña Nimia kuongezewa majani.

Sitaki kusimulia yote yaliyofuata, maana daktari ni mtu mzuri na aibu ile alishaimeza. Itoshe kwamba alisimama na jagi lake kama mwanafunzi aliyekamatwa na sigara. Ndani, mlango ukiwa wazi, sauti zikasikika mpaka mtaani.

"Hamkuuliza?" akasema Bi Bentancor.

"Tuliuliza," Blásida akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa nyembamba. "Niliuliza kila mtu kwa mdomo wangu. Wote walisema hawatumii kitu."

Nimia akaitwa. "Ña Nimia," daktari akamwambia, "uliulizwa kuhusu dawa za kienyeji. Mbona ulisema hapana?"

"Dawa situmii, daktari. Nakunywa tereré tu. Kwani wewe ungejibuje?"

Daktari akatazama jagi lake, akaliweka chini ya meza.

Amri ilikuja kutoka Montevideo siku chache baadaye, na haikuwa ya ukatili. Utafiti utaendelea. Yaliyotokea yataandikwa kama yalivyotokea. Tangu siku ile hadi mwisho, aliye kwenye utafiti asiguse jani wala mzizi wa presha. Mnanaa na mchaichai ruksa. Asiyeweza aseme, atatoka kwa heshima na kutibiwa kama kawaida. Wagonjwa walilalamika kidogo, kisha wakakubali mmoja mmoja. Mzee aliyejibu wa kwanza alisema kwamba kusema kweli mzizi wenyewe alikuwa haupendi, alikuwa akinywa kwa sababu kikombe kilikuwa kikipita.

Nimia peke yake hakujibu. Alirudi mezani, akakaa. Wengine waliambiwa waache majani. Yeye aliona ameambiwa arudie kosa la Desemba ile. Mama alikosa mzizi wa kutwangwa na Nimia siku chache, akaanguka. Sasa wanataka na yeye aukose miezi. Akijitoa kwenye utafiti, abaki na mzizi, atakuwa salama kwa alivyoamini. Lakini atapoteza kile kidonge, na kidonge nacho kilikuwa kimeanza kumwingia moyoni. Hakuwa na wa kumuuliza. Siku mbili nzima alikuwa akiwauzia wenye kikohozi majani ya tumbo.

Blásida akamfuata mezani. "Ña Nimia, unaogopa nini hasa? Niambie mimi, sio daktari."

Nimia akamwambia. Yote: Caacupé, Cirila, ndoo iliyomwagika, kijiko. Blásida akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwa yule mwanamke ni ajabu.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Mimi nafika hapa kabla ya wote. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango, nitakupima hapahapa mezani pako. Ikipanda kidogo tu, tunamwamsha daktari, na utafiti ukae pembeni. Sitakuacha uanguke."

"Unaapa?"

"Kwa mama yangu."

Nimia akapiga moyo konde. Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, alikunywa tereré yenye mnanaa peke yake.

Asubuhi zikapita. Blásida alikuja na mkanda wake, wanakaa kimya, mashine inavuma, anasema namba. Mia na thelathini na mbili. Mia na ishirini na nane. Mia na thelathini. Wiki ya kwanza Nimia alilala amevaa viatu, eti akianguka wampeleke hospitali akiwa nadhifu. Wiki ya tatu alivua. Presha ilikaa palepale ilipokuwa, kana kwamba haijui kuwa mzizi haupo.

Furaha yake haikudumu. Asubuhi moja, akiwa anakata mchaichai, hesabu ilimjia yenyewe. Mzizi bila kidonge: mia na themanini na sita. Mzizi pamoja na kidonge: mia na thelathini. Kidonge bila mzizi: mia na thelathini ileile. Akaipiga upya kama mtu anayetafuta chenji iliyopotea, na kila alipomaliza mzizi ulikuwa haujafanya kitu. Alikasirika. Alikasirikia mmea, akamkasirikia daktari, akajikasirikia mwenyewe. Ndipo akaacha kisu, akaingia ndani bila kupiga hodi.

"Daktari. Mzizi wangu haufai?"

Daktari Riquelme alivua miwani. "Kwako, kwa namba hizi, sioni ulichofanya. Kwa wengine sijui. Mtu mmoja si utafiti, Ña Nimia. Mzizi haujafanyiwa utafiti hapa, na mimi sisemi nisichokipima."

"Kwangu mimi huyo mtu mmoja naona anatosha." Akakaa bila kukaribishwa. "Mama yangu aliunywa kila siku. Mimi nikasafiri, akakaa siku kadhaa akinywa uliotwangwa na mkono mwingine, au sijui alikunywa vipi. Akaanguka. Nataka kujua kama ni zile siku."

"Presha yake ilikuwa ngapi?"

"Nani angempima? Wakati ule ulikuwa ukienda hospitali ukiwa umebebwa."

"Kabla hujasafiri alikuwa akilalamika chochote?"

"Kichwa. Huku nyuma, kisogoni, kila akiamka. Toka baridi ya Juni. Ndicho kilichonipeleka Caacupé, nikamwombee kichwa."

Daktari akaivaa tena miwani. Si kila kichwa ni presha, akasema, na marehemu hapimiki, hawezi kumwapia. Lakini mshipa haupasuki kwa kukosa mzizi siku chache. Unachakaa kwa miaka. Kama mama yake alikuwa na presha kama ile aliyokutwa nayo yeye mwenyewe, basi aliitembeza mwilini muda mrefu, mzizi ukiwa tumboni kila asubuhi.

"Kwa hiyo angeanguka tu, hata kama ningekuwepo?"

"Angeanguka. Ningeweka mkono wangu motoni kwa hilo," akasema daktari, naye si mtu wa kuweka mikono ovyo.

Nimia alilia pale pale, kilio cha sauti, mpaka Blásida akaja mbio na mkanda akidhani ni jambo jingine. Baadaye akatoka, akaikusanya mizizi yote ya presha kutoka kwenye ndoo, akaitupa upande wa pili wa reli ilikotoka. Wateja wengine walimnunia. Mmoja alimwambia daktari amemnunua kwa vidonge. "Nenda kapimwe kwanza," akawa anawajibu, "halafu urudi unitukane vizuri." Mauzo yalishuka kwa muda, kisha mnanaa na majani ya tumbo yakayarudisha, maana joto la Asunción halina utafiti.

Alibaki mtu mmoja. Cirila alikuwa na miaka sitini na tisa sasa, macho yameanza kukosa tundu la sindano, na kila Jumamosi alikuja kuchukua fungu lake la mizizi. Hakuwa amepimwa presha maisha yake yote. Kwa kukosa ujasiri Nimia alikuwa amembakizia yeye tu mizizi kidogo, akamtwangia na kumpa fungu lake Jumamosi mbili mfululizo bila kumwambia. Jumamosi ya tatu Cirila akanywa jagi lake palepale kivulini, akanyoosha mkono kutaka fungu la kwenda nalo.

"Hakuna, dada. Hili ndilo la mwisho. Sitwangi tena."

"Una wazimu? Nitakunywa nini?"

"Ingia ndani wakupime."

"Sipimwi na mtu. Nitwangie mzizi wangu."

"Sikutwangii."

Cirila akanyooka kwa urefu wake wote, ambao si mkubwa. "Unataka kuniua na mimi kama ulivyomuua Mama?"

Neno lile lilikuwa limekaa kati yao zaidi ya miaka ishirini, na lilipotoka hatimaye halikuwa zito kama Nimia alivyodhani. Alimshika dada yake mkono kama anavyoshikwa mtoto anayegoma kwenda shule.

"Sawa. Twende ukapimwe, kisha uniite muuaji mbele ya watu wote. Mzizi umekunywa sasa hivi, au sio?"

"Nimekunywa. Umeona."

"Nimeona. Nimekutwangia mwenyewe, kwa mkono huuhuu unaosema wako haufikii."

Blásida alimfunga mkanda polepole, akimtania kuhusu mikono mizuri ya mafundi cherehani. Akapima. Akamwacha apumzike, akampa maji, akapima tena. Akawageuzia mashine wasome wenyewe. Mia na tisini na nne kwa mia na kumi.

"Ni hasira," Cirila akasema. "Huyu kanikasirisha."

"Tulipumzika, Ña Cirila," akasema Blásida kwa upole. "Hasira haiachi namba hii."

Cirila akazitazama zile namba kwa muda mrefu, macho ameyafinya kama anatafuta tundu la sindano.

"Na ninaunywa kila siku."

"Kila siku, dada," Nimia akasema. "Kama mimi. Mimi nilikuwa hivyohivyo nilipopimwa, nikiwa na mzizi tumboni. Na Mama kichwa kilianza kumuuma toka baridi, mimi nikiwa namtwangia kila asubuhi. Nimemuuliza daktari. Zile siku tisa hazikufanya kitu. Angetwangiwa asitwangiwe, angeanguka."

"Asitwangiwe?"

"Hata asitwangiwe."

Cirila akawa amekaa, mkanda bado mkononi. Midomo ilianza kumcheza. Nimia alidhani ni kiharusi, akamrukia, akamshika mabega, akamwita Blásida kwa kelele. Lakini Cirila alikuwa akilia, bila sauti, kama watu ambao hawajazoea.

"Sikwenda, Nimia," akasema. "Nilikwenda ile siku ya kwanza tu. Nilikuwa na gauni la bibi arusi la kumaliza, nikasema kesho, nikasema kesho. Mizizi yako ilioza kwenye mfuko nyuma ya cherehani."

Akajifuta pua kwa kiganja, akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Nimia alisimama pale na mkono wake begani mwa dada yake. Miaka yote ile alikuwa akiimalizia sentensi ya Cirila, kumbe Cirila alikuwa akiikatiza kwa sababu hakuthubutu kufika mwisho wake. Hasira zilimpanda. Kisha akaiona ile namba kwenye mashine, bado inawaka.

"Haikuwa wewe," akasema. "Nyoosha mkono, nesi akupime mara ya tatu."